Kabla Hujauliza Gunia ni la Nani

Wewe unayeanza kazi ya kukagua korosho msimu huu, sikufahamu, lakini tayari nina shaka na wewe. Usinune. Nina shaka na kila mtu anayeshika bambo, na wa kwanza ni mimi mwenyewe niliyelishika zaidi ya nusu ya maisha yangu. Bambo ni kile chuma chembamba chenye mfereji, unachokitumbukiza kwenye gunia kuchota korosho za katikati bila kulifungua. Watakukabidhi siku ya kwanza na utajiona mkubwa. Utafikiri kazi yako ni kuchunguza korosho. Na mimi nilifikiri hivyo hivyo, mpaka nilipogundua kwamba muda mwingi nilikuwa nachunguza watu.

Katibu wa chama chetu cha ushirika ndiye aliyeniomba niandike kurasa chache za kuwasomea vijana kwenye mafunzo. Alitaka niandike juu ya uzoefu. Neno hilo silipendi. Mtu akikwambia ana uzoefu wa miaka mingi, muulize katika miaka hiyo aliambiwa mara ngapi kwamba amekosea, na nani alimwambia. Katika kazi yetu hakuna wa kukwambia. Gunia ukishalipa daraja linashonwa, linapakiwa, linakwenda mnadani, na hulioni tena. Unakosea leo, kesho unakosea vilevile, na kila msimu unazidi kujiamini. Chama chenyewe sikitaji jina. Kiko upande huu wa Madimba, inatosha.

Nianze na mambo ya mkono, maana hayo ni rahisi. Korosho iliyokauka ukiibonyeza kwa ukucha haiachi alama. Ukizitikisa kiganjani zinagongana kwa sauti kavu, na zenye unyevu zina sauti nzito, utaizoea. Usichote mdomoni mwa gunia. Mkulima naye ana akili zake, nzuri zote kaziweka juu. Piga bambo ubavuni, kisha ubavu wa pili, kisha karibu na kitako. Kabla ya kukata korosho uone kokwa, jipake mafuta ya kupikia vidoleni, kwa sababu mafuta ya ganda yanababua, na ukijisahau ukagusa jicho utalia mbele za watu. Hayo yote mtayajua kwa wiki mbili. Siku hizi kuna na kipima unyevu, kinaonyesha namba kwenye kioo, na nyie vijana mkishaiona namba mnaona mambo yamekwisha. Sina ugomvi nacho. Ila kipimo hakichagui gunia gani lipimwe mara moja na gani lipimwe mara tano. Unachagua wewe, na ukishamshuku mtu utapima mpaka upate unachokitafuta.

Aliyenifundisha ni Mzee Mfaume, mtu mfupi mwenye maneno makali, ambaye mkewe akimwambia chai ina sukari lazima aonje kwanza. Msimu wangu wa kwanza alinipa sampuli asubuhi, nikakata, nikasema daraja la kwanza. Alasiri, mgongo unauma na tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni, akaniletea sampuli nyingine. Nikaikunjia uso, nikasema la pili. Kumbe gunia ni lile lile. Nilibisha sana. Nikasema bambo limechota sehemu tofauti, nikasema mwanga umebadilika.

"Bibie," akasema, "bambo halikuwa na njaa."

Tangu hapo nilitembea na muhogo wa kuchemsha mkobani. Miaka ile Ramadhani ilipoangukia msimu wa korosho, nilikata sampuli asubuhi tu, na alasiri nikabaki na kazi ya kuandika namba. Mnaweza kucheka, lakini muhogo ule umewaokoa wakulima wengi kuliko vyeti vyangu.

Gunia la kwanza la siku nalo lina hila. Likiwa zuri mno, yote yanayofuata yanaonekana takataka. Likiwa bovu, hata korosho za wastani zinakufurahisha. Dawa yake ni kisahani. Weka mezani kisahani chenye korosho za daraja la kwanza mlizokubaliana wakaguzi wote, na kila baada ya magunia machache rudisha jicho pale. Usilinganishe gunia na gunia lililotangulia. Linganisha na kisahani.

Pua pia msiiamini. Kuna baba mmoja wa Msimbati alileta korosho kwenye gunia lililowahi kubeba dagaa. Harufu ilifika kabla yake. Nikakata huku nimekunja uso, nikaona madoa, nikampa la pili. Akaomba kwa upole tuzimwage kwenye turubai. Zilipopigwa na upepo nikakata tena na yale madoa sikuyaona. Akaniuliza, "Mama, ulikuwa unapima korosho au kitoweo?" Ghala zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, lakini nyumbani nilijiuliza madoa yale niliyaona wapi.

Sasa nifike kwenye lililonikaa kooni. Nyie ni watoto wa huku, mnajua kwamba huwezi kugusa mzigo wa mtu kabla hujamsalimu. Mtu ametoka na gunia lake kijijini, anasimama kando yake, na wewe unaanza: gunia la nani hili? La fulani. Shikamoo. Marahaba. Watoto hawajambo? Yule mgonjwa anaendeleaje? Ndipo unapiga bambo. Ni adabu, na asiyefanya hivyo anaitwa ana maringo. Nilifanya hivyo miaka yote. Sikujua kwamba salamu zikiisha, daraja nimeshalitoa. Mtu ninayemfahamu, aliyenichekea, korosho zake zilinichekea pia.

Misimu michache kabla sijastaafu alikuja mama mmoja wa Mahurunga, anaitwa Filomena. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji akiwa bado anabebwa mgongoni. Mumewe alikuwa mtu wa Mahurunga, akamwachia mikorosho na uanachama wa chama chetu. Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kuleta korosho peke yake. Alikuja na magunia manne juu ya pikipiki ya magurudumu matatu, akashuka, akasimama kando ya mzigo wake. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno.

Kabla sijamsalimu, Rashidi, karani wetu, aliniinamia sikioni. "Bi Zuhura, huyo mwangalie vizuri. Nasikia anavusha korosho za ng'ambo."

Kuvusha korosho kutoka ng'ambo ya mto na kuziuza kama zako ni kosa kubwa. Mwanachama akikamatwa anafukuzwa, na asiye mwanachama hana pa kupeleka korosho zake ila kwa watu wa kangomba, wale wanaopita majumbani kimyakimya kununua kwa bakuli kinyume cha sheria. Kwa hiyo Rashidi hakuniambia jambo dogo. Wala hakuniambia amesikia kwa nani, na mimi sikumuuliza.

Nikaangalia vizuri, kama alivyosema. Nikaona korosho ni ndogo. Nikaona udongo mwekundu kwenye mishono ya gunia. Nikaona gunia limeshonwa kwa uzi wa buluu, nikajiambia huku kwetu nani anashonea uzi wa buluu. Nikamuuliza, "Mama, korosho hizi umezitoa wapi?" Akakaa kidogo akitafuta neno. Nikaona anatunga uongo. Nikamuuliza mara ya pili, akajibu haraka, "Shamba. Kwangu." Nikaona jibu amelikariri. Wanangu, nisomeeni hapo tena. Akichelewa ni mwongo, akiwahi ni mwongo. Kulikuwa na jibu gani ambalo angelitoa akapona?

Nikasema kwa sauti, watu wasikie, kwamba mimi korosho za ng'ambo nazijua kwa macho, na hizi ndizo. Tukamrudishia magunia yake yote manne. Bodi ya chama ikamsimamisha uanachama mpaka kikao. Hakugombana na mtu. Alimsaidia yule wa pikipiki kupakia, akafunga kamba, akaondoka.

Mzee Mfaume alikuwa ameshastaafu wakati huo, lakini kustaafu kwenyewe hakukumwingia. Kila siku ya kupokea korosho alikuja kukaa kwenye benchi la ghalani akituchambua. Siku ile alikuwepo, akanyamaza, jambo ambalo lilipaswa kunitisha. Kesho yake akaja na bakuli la plastiki.

"Zuhura, nipimie hizi. Za mpwa wangu, hapa hapa Madimba. Nataka nijue kama atapata la kwanza."

Nikajipaka mafuta, nikakata, nikazipanga. Kokwa nyeupe, zimejaa, mbovu moja moja tu. Nikamwambia ampongeze mpwa wake, ni daraja la kwanza, na hata asingeniambia ningejua ni za Madimba kwa jinsi zilivyokauka.

"Ungejua?"

"Kwa macho tu."

"Hizi ni za yule mama uliyemrudisha jana," akasema. "Nilichota wakati unamhoji."

Ningependa kuwaambia kwamba nilijuta palepale. Nikisimulia sasa, hata mimi mwenyewe naona kama tangu mwanzo nilikuwa na wasiwasi, kama moyo ulinigomea. Msiamini. Haukunigomea hata kidogo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumshuku Mzee Mfaume. Nilijiambia huyu mzee amehongwa. Nikajiambia amebadilisha bakuli. Nikamwita Rashidi nikitumaini atanitetea, na Rashidi, kwa uso wa mtu aliyemeza kitu kichungu, akasema ni kweli, alimwona mzee akichota kwenye gunia la Filomena, alidhani anachukua za kutafuna.

Bakuli lile halikuthibitisha korosho zilitoka wapi. Lilithibitisha kwamba mimi sijui, na kwamba nilikuwa nimesema najua. Jioni ile nilikaa kwenye mkeka wangu nyumbani, nikaona pindo nimelishonea uzi wa buluu. Ule wa kushonea nyavu, unauzwa kila duka Mtwara mjini. Niliona aibu hata kuugusa.

Ningepaswa kwenda Mahurunga asubuhi iliyofuata. Sikwenda. Nilikaa siku tisa. Nilijipa sababu: kazi ni nyingi, kikao kiko karibu, mambo yatajiweka sawa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana nimekosea mbele ya watu wa ghala lile lile nilimotamba. Katikati ya siku hizo mvua za kwanza zikanyesha.

Siku ya kumi nilipanda pikipiki. Filomena alinikaribisha kama mgeni yeyote, akanitolea kigoda. Nikamwomba anionyeshe shamba, akanitembeza. Mikorosho ya mumewe ni ya zamani, mirefu, imeachwa bila kupunguzwa matawi, na inazaa korosho ndogo. Udongo ni mwekundu. Chini ya miti mabibo yalikuwa yameoza kwa mvua, mengine ameyaanika juu ya bati. Kila nilichokiita ushahidi kilikuwa pale, kimekaa mahali pake. Kumbe ningeweza kuja kuangalia siku ileile, ni mwendo wa pikipiki tu.

Nikamwambia nimekosea. Nikamwambia alete magunia yake kesho, nitasimama naye kwenye kikao.

Akanitazama. "Hayapo."

"Yako wapi?"

"Paa linavuja. Korosho zikilowa zinaoza. Alipita mtu na bakuli, nikampa." Akasema hivyo bila kuinamisha kichwa. "Mlisema mimi ni mtu wa magendo. Sasa ndiyo."

Nilirudi njia nzima nikitafuta namna ya kulisema jambo hilo bila kulisema. Filomena alikuwa na makosa sasa, makosa ya kweli, ya kufukuzisha. Nikinyamaza nadanganya bodi. Nikisema, namzika. Na kosa lenyewe nililichimba mimi kwa mkono wangu.

Kikao kilikaa ghalani saa nane mchana. Mwenyekiti akamuuliza Filomena korosho zake ziko wapi, na kabla sijafungua mdomo akajibu mwenyewe, "Nimeuza."

Rashidi akageuka akanitazama. "Nilikwambia, Bi Zuhura. Mimi nilisema toka mwanzo."

Wanangu, uso ule sitausahau. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na amani kabisa, amani ya mtu aliyebashiri na ikawa. Hakuona kwamba sisi ndio tuliomsukuma mama wa watu mpaka akafika pale tulipomsingizia. Namwogopa Rashidi kuliko mwizi yeyote, na namwogopa zaidi kwa sababu mimi na yeye tulikuwa kitu kimoja siku chache kabla.

Nikasimama. Nikaeleza bakuli la Mzee Mfaume, nikaeleza uzi, nikaeleza shamba. Nikasema kama mnamfukuza kwa kuuza kangomba, mnifukuze na mimi, kwa sababu niliyemfungia mlango ni mimi.

Mwenyekiti akaniacha nimalize, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Bi Zuhura, huyu mama amekupa nini?"

Miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nikatafuta neno la kujibu, nikachelewa, nikaona macho ya wajumbe yakinisoma jinsi nilivyomsoma Filomena. Niliumia, sitaficha. Mwisho nikasema hajanipa kitu, na hata mimi mwenyewe nikasikia jinsi jibu hilo lilivyokuwa jepesi.

Walibishana mpaka alasiri ikaadhiniwa. Uamuzi ulikuwa wa katikati: Filomena asiuze chamani msimu ule, msimu unaofuata arudi kwa kuangaliwa. Mimi nilipewa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, na kati ya karatasi zote za kazi yangu ndiyo ninayoiamini.

Msimu uliofuata nilitundika khanga mbili kukata kona ya ghala. Mimi niko nyuma ya khanga, nina meza, kisahani na kisu. Magunia yanaandikwa namba kwa chaki, sampuli inaletwa kwa namba, natoa daraja, linaandikwa kwa wino, ndipo jina linasomwa na mimi natoka kumsalimu mwenye mali. Watu walichukia. Walisema Bi Zuhura siku hizi hataki salamu za maskini. Walisema nyuma ya khanga nimeficha kitu. Jamaa yangu wa damu alipata la pili akaacha kunisemesha mpaka Idi. Na mimi sikuwalaumu, kwa sababu anayejificha anashukiwa, ndivyo tulivyo. Mkiweka pazia, wekeni, lakini jueni mtasemwa, na pia jueni pazia halizuii kila kitu. Mara mbili nilimkamata mleta sampuli akikohoa kila ikija ya shemeji yake.

Siku moja nikakata sampuli namba kumi na saba. Ndogo, zimekauka vizuri, lakini mbovu zilikuwa zimezidi na kokwa nyingi zimesinyaa. Dawa ya kupulizia haikutosha msimu ule. Nikatazama kisahani, nikarudia kukata. Daraja la pili. Likaandikwa. Rashidi akasoma jina, na sauti yake ikapungua alipolifikia.

Nikatoka nyuma ya khanga. Filomena alikuwa amesimama kando ya magunia yake kama mwaka ule, mikono ameikunja. Tukasalimiana. Nikamvuta pembeni nikamwambia, mama, korosho hizi ziko karibu sana na la kwanza, mstari wenyewe ni mwembamba, naweza kupima tena.

Akaniuliza, "Ungejua ni zangu, ungeandika la kwanza?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Ndiyo."

Akafikiri kidogo, akitafuta maneno, na safari hii nilimngoja.

"Basi liache," akasema. "La pili hili ni langu. Yale mengine yote uliyoyaamua yalikuwa yako."

Akachukua karatasi yake, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, akaenda kusimamia magunia yake yakishonwa.